Chumba cha mita 5, watu 11 na karatasi moja ya kijivu

Kazi ilionekana nyepesi. Ofisi moja ilitaka picha za wafanyakazi wake 11, kichwa hadi kifua, za kuwekwa kwenye tovuti na kwenye taarifa ya mwaka. Agizo lilikuja kwa sentensi moja: "Nyuma kuwe kweupe kabisa, watu waonekane safi." Nikapewa chumba cha mikutano. Nikabeba karatasi nyeupe, flashi tatu, softiboksi moja (kisanduku cha kitambaa kinacholainisha mwanga wa flashi) na miavuli miwili, na asubuhi moja ikatosha kumaliza watu wote. Jioni nilipozifungua picha kwenye kompyuta nikajua nitarudi kule. Hakuna kifaa kilichoharibika, wala hakuna aliyekosea ila mimi, na kosa kubwa nililifanya kabla sijawasha taa hata moja.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu wanaoanza studio huniuliza swali lilelile: ninunue pazia la rangi gani? Siku hizi nami huwarudishia swali: chumba chako kina urefu gani?

Siku ya kwanza

Chumba kilikuwa na urefu wa mita 5, upana wa mita 3.6, na dari nyeupe ya mita 2.5. Katikati kulikuwa na meza ndefu ya mikutano. Niliitazama, nikaiona nzito, nikaona haya kuwasumbua watu, basi nikaisukuma mpaka ukutani, upande wa mgongo wangu. Ikala mita moja na nusu. Upande wa pili stendi za karatasi nazo zikala sentimita 40. Ili nipate pa kusimama na kamera, ikabidi watu wakae sentimita 80 tu kutoka kwenye karatasi, na hata hivyo kila niliporudi nyuma hatua moja meza ilinigonga kiunoni.

Flashi mbili zenye miavuli nilizielekeza kwenye karatasi, moja kila upande, nikazipandisha mpaka nyeupe ikawa nyeupe kweli kweli. Softiboksi ikawa ya uso. Kamera niliiweka f/4 (uwazi wa lenzi), shata 1/60 (sehemu ya sekunde ambayo kamera hupokea mwanga), ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), ili flashi zifanye kazi kidogo na zijae upesi kati ya picha na picha. Kwenye kioo cha kamera kila kitu kilipendeza. Kioo cha kamera ni mwongo mkubwa, hasa ukiwa ndani ya chumba chenye giza kiasi.

Kwenye kompyuta mambo yalikuwa mengine. Mhasibu, mzee mwenye mvi zilizochanwa vizuri, hakuwa na nywele: zilikuwa zimemezwa na karatasi, na kichwa chake kinaishia kwenye paji la uso. Waliovaa mashati meupe walikuwa na shingo na tai, mabega hakuna. Masikio na mashavu ya karibu wote yalikuwa na ukingo wa mwanga uliotambaa kutoka nyuma, kama mtu aliyesimama dirishani mchana. Mhandisi mmoja, mweusi wa kung'aa, aliyevaa suti ya samawati iliyokoza, alitoka na rangi ya majivu. Picha nzima ilikuwa na ukungu, hakuna mahali palipokuwa peusi kweli. Na chini ya taya za watu kulikuwa na kivuli chenye ukijani ambacho sikukielewa mara moja.

Jaribu la kwanza la mtu aliyechoka ni kusema, "Nitazirekebisha kwenye Photoshop." Nilimrekebisha mhasibu kwa nusu saa. Nikamrudishia nywele ambazo hazikuwa zake. Nikafunga kompyuta.

Karatasi iligeuka taa

Kwa bahati nilikuwa nimeandika nguvu za kila flashi kwenye daftari. Siku iliyofuata niliupanga upya mpangilio uleule, umbali uleule, safari hii nikiwa na kipima mwanga mkononi. Usoni kilisoma f/4. Kwenye karatasi kilisoma f/11. Hizo ni stopu 3, na kila stopu ni kuuongeza mwanga mara mbili, kwa hiyo karatasi ilikuwa ikipokea mwanga mara 8 ya ule wa uso.

Karatasi nyeupe haihitaji hivyo. Ikipokea stopu 1 zaidi ya uso, tayari inatoka nyeupe isiyo na doa. Mimi nilimwaga stopu 2 za ziada, na mwanga hauna adabu ya kutulia pale ulipotua. Unaruka. Sehemu yake inaingia moja kwa moja kwenye lenzi, na huo ndio ukungu uliomfanya mhandisi awe majivu: lenzi ikijaa mwanga unaotoka mbele yake, weusi wote wa picha hupanda na kuwa kijivu. Sehemu nyingine inawapiga watu kutoka nyuma. Karatasi yenye upana wa mita 2.72, ikiwa sentimita 80 nyuma ya mtu, kwake si pazia tena, ni dirisha kubwa linalomzunguka pande zote mbili. Mwanga wake unafika mpaka kwenye mashavu. Mvi na shati jeupe, ambavyo tangu hapo ni vyeupe, vikapokea mwanga huo juu ya ule wa mbele, vikapita kikomo, vikawa sehemu ya karatasi.

Kupunguza nguvu za flashi za nyuma kungeponya nusu ya ugonjwa. Nusu nyingine ilitaka umbali, na umbali wangu ulikuwa umeliwa na meza.

Ukijani ulikuwa wa dari. Taa za ofisi zilikuwa zinawaka wakati wote, nami kwa f/4, 1/60 na ISO 400 niliikaribisha nuru yake ndani ya picha. Mahali ambapo flashi ilifika haukuonekana, kwa sababu flashi iliushinda. Chini ya taya, ambako flashi haikufika vizuri, taa za dari zilibaki zikitawala na rangi yake. Dawa yake ni rahisi kiasi cha kuudhi. Ukienda f/8, 1/160 na ISO 100 umeikata nuru ya chumba stopu 5 na ushee, na flashi haijali shata, mradi hujapita kasi ambayo kamera yako inaweza kwenda nayo pamoja. Tangu siku hiyo, picha ya kwanza ninayopiga kwenye chumba kigeni ni ya flashi zikiwa zimezimwa. Ikitoka nyeusi tii, ninaendelea. Ikionyesha hata kivuli cha mtu, kuna mwanga ambao sikuualika.

Meza ikatoka nje

Nilirudi kwa mkuu wa utawala na kusema ukweli: picha hazifai, ninaomba nusu siku nyingine bila malipo, na ninaomba meza itolewe chumbani. Watu wanne waliibeba, dakika 5 hazikuisha.

"Kumbe ni hii tu?" aliuliza yule mama. "Mbona hukusema tangu juzi?"

"Niliona aibu, mama."

Akacheka. Mimi sikuwa na hamu ya kucheka.

Hesabu sasa zilikaa hivi. Karatasi sentimita 40 kutoka ukutani. Mtu mita 2 mbele ya karatasi. Lenzi ni ya milimita 85 kwenye kamera yenye sensa kubwa (kihisi cha mwanga cha full-frame), na kwa fremu ya wima inayobeba sentimita 70 za mtu, kamera inakaa kiasi cha mita 1.75 kutoka usoni. Jumla mita 4.15, mgongo wangu una sentimita 85 za kupumua. Chumba kilikuwa kinatosha tangu mwanzo.

Kuna faida ambayo wengi hawaihesabu. Kwa mpangilio huo, kamera inaona upana wa karibu mita 1 tu wa karatasi. Ile roli ya mita 2.72 niliyojitesa kuipandisha ngazi haikuwa na kazi. Ya mita 1.35 ingetosha na nafasi kidogo ingebaki. Roli pana ni ya picha za mwili mzima na za makundi. Kwa vichwa na mabega, roli nyembamba inakupunguzia uzito, na inakupunguzia pia eneo la kumulika.

Safari hii sikuja na nyeupe. Nilikuja na kijivu cha kati.

Kwa nini kijivu

Yule mama alipoiona alikunja uso. "Tulikubaliana nyeupe." Nikamwomba dakika 10, nikamketisha msaidizi wangu kwenye kiti, nikapiga picha tatu bila kugusa karatasi.

Ya kwanza, softiboksi peke yake, mita 1 kutoka usoni. Mwanga ukisafiri umbali mara mbili, nguvu yake haishuki nusu, inashuka hadi robo. Ukisafiri mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa. Kutoka softiboksi hadi usoni mita 1, hadi kwenye karatasi karibu mita 3. Karatasi ilipata stopu 3 na kitu pungufu ya uso, na kijivu kilichopungukiwa hivyo ni cheusi kwa macho ya mtu. Kwenye picha msaidizi alionekana ameketi mbele ya giza.

Ya pili, niliwasha flashi moja ya nyuma, niliyoificha chini nyuma ya kiti ikitazama karatasi, nikaipima mpaka ikasoma f/11 huku uso ukiwa f/8. Stopu 1 juu. Karatasi ikawa kijivu cheupecheupe, yenye mwangaza kidogo nyuma ya mabega ukififia kuelekea pembeni.

Ya tatu, nikaipandisha flashi hiyo mpaka stopu 2 na nusu juu ya uso. Ikawa nyeupe, au karibu na nyeupe; kijivu cha kati hurudisha asilimia 18 ya mwanga, na stopu hizo 2 na nusu ndizo zinazohitajika kukifikisha huko.

Alizitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akaweka kidole kwenye ya pili. "Hii. Hii ndiyo nyeupe niliyokuwa nasema."

Haikuwa nyeupe. Lakini alichotaka tangu mwanzo ni picha isiyo na vurugu nyuma, yenye mwanga, na neno lililokuwa karibu naye lilikuwa "nyeupe". Mteja anayetaja rangi mara nyingi anataja hisia, na mimi nilikuwa nimemtii kama mtu anayesoma risiti. Kwa ajili ya mhasibu peke yake, kijivu kile kilikuwa kimeshalipa: mvi zake zilikuwa nyeupe kuliko kilicho nyuma yake, kwa hiyo zilionekana, uzi mmoja mmoja.

Nikiulizwa leo roli ya kwanza ya studio ndogo iwe ipi, nasema kijivu, bila kusita. Inakuwa nyeusi ukiinyima mwanga, nyeupe ukiimwagia, na ukiweka jeli (plastiki nyembamba ya rangi) kwenye flashi ya nyuma inakuwa ya rangi hiyo, tena rangi iliyoiva kuliko ile unayoipata kwenye karatasi nyeupe, ambako mwanga wowote unaovuja kutoka mbele huichujua. Lakini maneno hayo yote yana sharti moja: uwe na angalau mita 2 kati ya mtu na karatasi, ili mwanga wa mbele na wa nyuma usichanganyike. Chumba kikiwa kifupi mno, kijivu kinabaki kijivu tu, na hapo ni heri ununue rangi unayoitaka iwe tayari kwenye roli.

Kijana wa mawasiliano alipendekeza kijani cha nembo yao. Nilimwonyesha kwa mfano mdogo: nilishika kipande cha kadi ya kijani kando ya shavu lake, nikampiga picha. Taya ikawa ya kijani. Karatasi yenye rangi kali huirudisha rangi yake kwa chochote kilicho karibu, na ngozi na shati jeupe huipokea kwanza. Akasema basi.

Kamba ya mita 1

Watu 11 wa vimo tofauti lazima watoke kama wamepigwa picha na mtu mmoja, kwa wakati mmoja. Niliweka alama za gundi ya karatasi sakafuni: miguu ya kiti, miguu ya stendi ya softiboksi, miguu yangu. Kisha nikafunga kamba kwenye ukingo wa softiboksi, nikaikata ikiwa na urefu wa mita 1 kamili. Kila aliyeketi, msaidizi aliivuta kamba mpaka ncha ikagusa shavu, akapandisha au kushusha stendi, kisha akaiachia. Baadhi walidhani ni mzaha. Ila kwa umbali wa mita 1, mtu akisogea mbele sentimita 20 anaongezewa zaidi ya nusu stopu usoni, na tofauti hiyo ukiziweka picha pamoja kwenye ukurasa mmoja inaonekana hata kwa asiyejua kamera.

Wenye miwani walikuwa watatu. Mwanga huingia kwenye kioo kwa pembe fulani na kutoka kwa pembe ileile, kwa hiyo kazi ni kuhakikisha unakoelekea si kwenye lenzi. Niliipandisha softiboksi, nikaizungusha ili isogee pembeni kidogo, kamba bado ikitawala umbali, kisha nikawaomba wainue mikono ya miwani kidogo juu ya masikio ili vioo vitazame chini. Ni milimita chache, mbele haionekani, na weupe wote ukaondoka. Mmoja tu, mwenye vioo vilivyobinuka sana, alibaki na alama ndogo kwenye kona, hiyo niliifuta baadaye.

Mhandisi ndiye niliyemsubiri. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zile zilizojulikana kwa jina la Shirley, na mtu mweusi akatoka vyovyote alivyotoka. Tabia za enzi hiyo bado zimo mikononi mwetu: tukiona ngozi nyeusi tunakimbilia kuongeza mwanga. Mwanga ukizidi, paji la uso linatoa madoa meupe na rangi ya ngozi inachujuka. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao kuliko kwa kivuli, na mng'ao ni taswira ya taa yenyewe. Taa ndogo, au kubwa iliyowekwa mbali, huchora nukta kali. Softiboksi ya sentimita 90 ikiwa mita 1 huchora eneo pana, laini, linaloshuka kutoka kwenye paji hadi kwenye shavu bila kukatika. Kwa hiyo sikubadilisha taa. Niliongeza riflekta ya fedha (ubao wa kurudisha mwanga) upande wa kivuli, sentimita 60 hivi kutoka usoni, nikapiga picha mbili, moja kama wenzake na nyingine yenye theluthi moja ya stopu zaidi, nikamgeuzia kioo.

"Huyu wa pili ni mimi," alisema. Suti yake ya samawati, iliyokuwa imezama kwenye ukungu siku ile, safari hii ilikuwa na kola, mishono na vifungo, na mabega yakasimama wazi mbele ya kijivu. Mbele ya pazia jeusi ningelazimika kumwekea taa nyingine ya kuchora mabega.

Wengine waliniuliza kwa nini situmii kitambaa, ambacho hukunjwa na kubebwa begani. Ninacho. Kitambaa cha pamba kinakuja na mikunjo yake, na mikunjo inataka pasi ya mvuke au umbali. Ukimweka mtu mita 2 mbele yake, mikunjo midogo huyeyuka, kwa kuwa hata kwa f/8 lenzi ile inakupa karibu sentimita 20 tu za ukali, pua hadi nyuma ya masikio, mengine yote laini. Mahameli nyeusi ni nzuri pale unapotaka giza na huna nafasi, maana inameza mwanga. Vinili naiheshimu kwa kuwa inafutika, lakini ile inayong'aa hurudisha mwanga wa flashi kama kioo. Karatasi ikichafuka unakata kipande, unavuta nyingine.

Wa kumi na moja

Watu 10 walimalizika kabla ya saa sita. Wa kumi na moja alikuwa safarini, akaja wiki iliyofuata. Chumba kilekile, alama za gundi bado sakafuni, kamba mfukoni mwangu, namba zote kwenye daftari. Nilidhani itakuwa kazi ya dakika 5.

Akaingia na koti la kijivu cheupecheupe. Nilimketisha, nikapiga moja ya majaribio, na mabega yake hayakuwapo. Koti na karatasi, vikiwa kwenye mwanga ule, vilikuwa rangi moja kabisa. Kichwa na tai vilielea. Koti jingine hakuwa nalo. Kuipandisha au kuishusha karatasi kungemtenga na wenzake kumi. Nikachukua ile flashi iliyobaki, nikaifunga gridi (wavu wa kubana mwanga) ili isimwagike, nikaiweka nyuma yake kushoto, juu, ikiwa nusu stopu chini ya mwanga wa uso. Ikachora mstari mwembamba wa nuru kutoka sikioni hadi begani, na koti likajitenga na karatasi.

Picha zilipopanda kwenye tovuti, malalamiko yalikuwa mawili tu. Yote yalitoka kwa waliopigwa picha mapema, na yote yaliuliza kwa nini wao hawakuwekewa ule mstari wa begani.